Simama Kwanza, Ngosha!

Mwezi huu nawapumzisha habari za mawifi na za wanaume wanaoingia na simu bafuni. Mwezi huu tunapanda gari. Nina shoga yangu wa Dar, binti wa benki, kaolewa mwaka jana. Ameniandikia kwamba yeye na mumewe wanakuja huku Marekani kutembea, na wanataka kuendesha gari jimbo hadi jimbo "kama kwenye sinema", huku wakisimama njiani. Swali lake lilikuwa la mstari mmoja: tupange vipi? Nikamwambia subiri, jibu lako halienei kwenye simu, nitakujibu gazetini.

Basi shoga, kaa chini. La kwanza, ramani ya nchi hii inadanganya. Unaweka kidole Dallas tunapoishi, kingine unaweka Los Angeles, unaona aa, si hapo tu. Hapo tu pana kilomita kama 2,300. Ni sawa na kutoka Dar kwenda Mwanza halafu ugeuze siku hiyohiyo urudi Dar. Na sisi ndiyo safari tuliyoifanya Oktoba 2024, mimi na mume wangu, ambaye kwa kuwa ni Msukuma wa Mwanza namwita Ngosha, na yeye ameshazoea.

Sababu ilikuwa harusi. Binamu yake alikuwa anaoa Los Angeles Jumamosi ya tarehe 12, na sisi tulipangiwa kupeleka sare za kitenge za watu thelathini pamoja na masufuria matatu ya kupikia pilau, yale makubwa ya shughuli, ambayo huku ukiyatafuta dukani wanakuuliza kama una jeshi. Jaribu kupanda ndege na masufuria hayo uone utakavyolipia mzigo. Kwa hiyo gari.

Lakini niseme ukweli, mimi nilikuwa na sababu yangu nyingine. Ngosha anafanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo. Mimi nafanya asubuhi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Miaka mitatu tumekuwa tunapishana mlangoni kama askari wanaobadilishana lindo: yeye anavua viatu, mimi navaa. Tunaongea kwa vikaratasi vya kwenye friji. "Maziwa yameisha." "Kodi nimelipa." Ukisoma friji yetu utadhani ni ofisi ya serikali ya mtaa. Sasa nikasema siku nne ndani ya gari, huyu mtu atakwenda wapi? Ataongea tu.

Tukakaa Jumapili moja kupanga. Ngosha akatoa mpango wake, umeandikwa nyuma ya bahasha, mistari miwili. Siku ya kwanza Dallas mpaka Albuquerque, kilomita 1,050. Siku ya pili Albuquerque mpaka Los Angeles, kilomita 1,270. Basi. Mimi nikatoa wangu: kurasa nne, siku sita, vituo kumi na tisa, na penseli za rangi.

"Wewe unataka kusafiri au unataka kufungua genge?" akaniuliza.

"Na wewe unasafiri au unakimbiza mgonjwa?"

Mjue mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu safari ni vituo. Nilipokuwa mdogo tukipanda basi kwenda Dar, kichwani mwangu hakukuwa na Dar wala Tanga, kulikuwa na machungwa ya Muheza yanayopitishwa dirishani, mahindi ya kuchoma ya Segera, na mama akibishana bei mpaka basi linaanza kuondoka. Sasa mtu anayeniambia tutakwenda kilomita elfu moja bila kushuka, ananiambia tusisafiri kabisa. Yeye naye kila nikitaja kituo anakunja uso. Kila kimoja. Nikajua ni ubahili, au ubabe wa kiume wa kutaka kuwahi. Tulinuniana siku mbili, na vikaratasi vya friji vikapungua.

Katikati ya kununiana huko nikaenda kwa jirani. Ni mama Mmarekani mweusi, umri umepita sabini na tano, ananipa bamia za bustanini kwake. Nikamwonyesha kurasa zangu nne akazicheka taratibu, kisha akaniambia habari ambayo sijaisahau. Miaka ya 1950, kila kiangazi, baba yake alikuwa anawapakia watoto wanne kwenye gari kutoka hapahapa Dallas kwenda kwa shangazi yao Los Angeles. Na alikuwa hasimami. Anaendesha usiku kucha. Mama yao alikuwa anapika kuku, anachemsha mayai, anaoka keki, vyote kwenye sanduku la viatu, kwa sababu njiani migahawa mingi haikuwauzia watu weusi chakula. Chini ya kiti kulikuwa na kopo la watoto kujisaidia, kwa sababu vyoo vya sheli vilikuwa vya wazungu. Kulikuwa na miji ambayo mtu mweusi hakutakiwa aonekane jua likishazama.

Siku hizo kulikuwa na kitabu kinaitwa Green Book. Alikianzisha mwaka 1936 Victor Hugo Green, mtu wa posta wa Harlem, New York. Kilikuwa kinaorodhesha hoteli, migahawa, sheli na hata saluni ambako msafiri mweusi angepokelewa. Toleo la mwisho lilikuwa la mwaka 1966 na 1967, kwa kuwa sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ilishapiga marufuku ubaguzi kwenye hoteli na migahawa. Jirani yangu anasema baba yake alikuwa nacho, lakini vituo vya humo vilikuwa mbalimbali mno, na akiwa na watoto wanne hakupenda kubahatisha.

"Sisi tulidhani baba anapenda mwendo," akaniambia. "Nimekuja kujua ukubwani kwamba alikuwa anaogopa. Nyie nendeni mkasimame, mwanangu. Simameni hata pasipo na kitu."

Nikarudi nyumbani nimelainika kidogo. Sikumwambia Ngosha kitu, lakini nilichukua kifutio. Vituo kumi na tisa vikawa saba.

Sasa shoga, sikiliza tulivyopanga, maana hapa ndipo utakapofaidi. Usianze na mahali, anza na saa. Tulikubaliana usukani usizidi saa nane kwa siku, na jua likizama tuwe tumeshafika. Simu inaposema saa saba na nusu, hiyo ni ya gari lisilotumia mafuta lenye watu wasio na kibofu. Ongeza robo. Ya saa nane andika kumi. Ukishajua saa zako ndipo uweke kidole kwenye ramani uone usiku utakukuta wapi, halafu utafute kitanda hapo.

Mimi kidole changu kilianguka Albuquerque. Nikapiga simu moteli ya kwanza, imejaa. Ya pili, imejaa. Ya tatu kuna chumba, bei yake nikadhani ananitajia ya wiki nzima. Kumbe mapema kila Oktoba, siku tisa, mji ule una tamasha la maputo makubwa ya kurushwa na hewa ya moto, na dunia nzima inahamia pale. Kwa hiyo kabla hujafunga tarehe, uliza mji wako wa kulala una shughuli gani wiki hiyo. Tukarudisha kitanda nyuma mpaka Tucumcari, kimji kidogo cha New Mexico kilichobaki na moteli za zamani zenye taa za rangi, enzi za ile barabara yao maarufu namba 66. Chumba kikapatikana kwa bei ya kibinadamu.

Ratiba ikawa hivi. Jumanne Dallas mpaka Tucumcari, kilomita 770. Jumatano Tucumcari mpaka Flagstaff, Arizona, kama 800. Alhamisi gari lipumzike, twende tu Grand Canyon na kurudi, kilomita 130 kila upande, tulale Flagstaff tena. Ijumaa Los Angeles, kilomita 750. Kila mtu apewe vituo viwili ambavyo mwenzake haruhusiwi kuvihoji. Mimi vyangu nilikuwa navyo. Ngosha akasema vyake nimpe mtu mwingine.

Na barabara zenyewe msiziogope, zina akili kuliko za kwetu. Hizi kuu zinazounganisha majimbo zilianzishwa kwa sheria aliyoisaini Rais Eisenhower mwaka 1956. Zenye namba shufwa zinakwenda mashariki na magharibi, zenye namba witiri kaskazini na kusini. Namba 10 iko kusini karibu na Mexico, namba 90 iko juu karibu na Canada. Sisi tulikuwa na 40. Nilichokipenda zaidi ni namba za njia za kutokea: kwenye majimbo mengi zinahesabu maili kuanzia mpaka wa magharibi au wa kusini wa jimbo. Ukiwa unaelekea magharibi zinashuka, 300, 200, 100, na zikikaribia sifuri ujue jimbo linaisha. Ukitaka kujua kituo kiko mbali gani, unatoa tu. Kabla ya njia nyingi za kutokea utakuta bango la bluu linalosema mbele kuna mafuta, chakula au kitanda. Likisema hakuna huduma kwa maili kadhaa, liamini, jaza tangi. Na pakua ramani kwenye simu mkiwa bado nyumbani, maana huko katikati mtandao unakata.

Kama gari ni la kukodi, majina yenu wote wawili yaandikwe kwenye mkataba, hata kama mume anasema ataendesha peke yake. Hata akiapa. Nitakueleza kwa nini.

Jumatatu usiku Ngosha alikwenda kazini. Nilimwambia aombe ruhusa, akasema zamu moja ni hela ya mafuta. Angelala mchana wa Jumatatu, lakini mchana huo alikuwa kwa fundi anabadilisha oili na kukagua matairi, maana Toyota yetu imekula maili nyingi. Jumanne akatoka zamu alfajiri, akaoga, saa mbili asubuhi tukaondoka. Mimi nimejipamba, nina deli limejaa machungwa na maji, chapati kwenye hotipoti, chupa ya chai. Mtu alikuwa hajafumba macho karibu saa ishirini na nne, nami nampa chapati namwambia "haya baba, twende".

Huo ni ujinga wangu, siusingizii kwa mtu. Kurasa zote nne zilijaa vituo vya kupigia picha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeandika kwamba dereva alale. Wataalamu wa usalama kazini wa huku wanasema mtu aliyekesha saa 24 ni sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.10 kwenye damu. Majimbo karibu yote, kikomo cha dereva ni 0.08. Yaani ningempa bia asubuhi ile na akakataa kwa kuwa anaendesha, lakini usingizi tuliupakia wenyewe.

Tulipita Wichita Falls vizuri. Nikasema tunyooshe miguu, akasema mbele. Nikasema nataka kuchimba dawa, akasema mbele kuna pazuri zaidi. Texas ya kule ni tambarare, mashamba ya pamba, anga kubwa, barabara imenyooka kama rula. Nilikuwa namenya chungwa. Nikasikia gari linanguruma chini, grrrrr, ile sauti ya mistari iliyochimbwa pembeni ya lami kuamsha madereva. Nikainua macho, tunaelekea majani. Nikamtazama Ngosha: kidevu kifuani.

Nilipiga kelele ambayo nadhani Tanga waliisikia. Akashtuka, akakata usukani, masufuria nyuma yakagongana kama kengele za kanisa. Tukarudi barabarani. Hakuna gari lililokuwa jirani, ndiyo bahati yetu yote. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika mji unaitwa Childress, akaingiza gari kwenye maegesho ya duka moja kubwa, akazima, akaweka mikono mapajani. Mikono inatetemeka. Nikamwambia hamia nyuma. Akalala kati ya vitenge na masufuria saa mbili na zaidi, mimi nimekaa kwenye ukingo wa maegesho nakula machungwa nalia, nalia nakula machungwa.

Alipoamka nikawa nimeshakaa kwenye usukani. Leseni yangu ya huku ilikuwa na miezi saba, na barabara kuu nilikuwa sijawahi kuiendesha zaidi ya nusu saa. Nikawasha taa ya kuashiria, nikaingia, nikashika maili 65 wakati wenzangu wana 75, malori yakanipita yakinipigia honi. Ngosha hakusema kitu kuhusu uendeshaji wangu. Shoga, hilo tu lingetosha kuwa muujiza. Lakini baada ya kitambo akaanza kusema kingine.

Akaniuliza kama naujua mlima Sekenke. Nikasema naujua kwa jina, ule wa kutoka Singida kwenda Nzega. Akasema alikuwa na miaka kumi, miaka ya tisini, barabara ikiwa ya vumbi, anarudi Mwanza na baba yake mdogo kwa basi. Jioni basi likasimama porini watu wachimbe dawa. Baba mdogo alikuwa amelala. Ngosha akashuka peke yake, akaenda mbali kidogo kwa kuwa aliona haya, kuna akina mama. Aliporudi akakuta vumbi. Anasema hakukimbilia basi, alisimama tu palepale likiondoka, kwa sababu aliamini likigundua litarudi, na akisogea hawatamwona. Giza likaingia amesimama palepale. Baadaye likapita roli la pamba, dereva akamwona kwenye taa, akampakia. Basi wakalikuta Igunga, abiria wanakula, baba mdogo ndiyo kwanza anamtafuta chooni.

"Akanichapa," akasema. "Eti nimemtia aibu."

Mimi natazama barabara. Siwezi kugeuka nikamwangalia, nina lori mbele na lori nyuma. Na nadhani ndiyo maana alisema, kwa sababu sikuweza kumwangalia. Miaka mitano ya ndoa, wanaume hawa! Nimejua kipimo cha shati lake, jina la mchumba wake wa sekondari, deni lake la mwaka juzi, lakini hili sikulijua. Kila nilipokuwa naandika kituo kwa penseli ya rangi, yeye alikuwa anaona vumbi la basi.

Nikamwambia kuanzia leo anayeshuka ndiye anayeshika funguo. Gari haliendi popote bila yeye. Akacheka, lakini mkono akaunyoosha.

Baada ya Amarillo kulikuwa na kituo changu cha kwanza, magari kumi aina ya Cadillac yaliyofukiwa kichwa chini shambani tangu mwaka 1974 na kundi la wasanii. Kila mpita njia anaruhusiwa kuyapaka rangi, yamepakwa mpaka yamenenepa. Nikaegesha, nikachomoa funguo, nikamkabidhi. Akashuka nazo. Mtu mmoja alikuwa ameacha kopo la rangi lenye kibaki, Ngosha akalichukua, akazunguka magari yote kumi anachagua, mwisho akaandika MWANZA kwenye bawa la gari la nne, herufi zimepinda. Nikamwambia tuondoke, akasema ngoja ikauke.

Adrian tulipita jua limeinama. Hapo pana bango linalosema ni katikati ya ile barabara ya 66: maili 1,139 kwenda Chicago, maili 1,139 kwenda Los Angeles. Halafu ukivuka kuingia New Mexico, saa inarudi nyuma. Yale masaa mawili ya Childress niliyokuwa nayasikitikia, jimbo likaturudishia moja. Tukaingia Tucumcari saa kumi na mbili jioni, mwanga bado upo. Zingatieni hilo kwenye ratiba: kwenda magharibi unazawadiwa saa, kurudi mashariki unanyang'anywa. Na Arizona haibadilishi saa zake kiangazi kama majimbo mengine, kwa hiyo Oktoba mwanzoni ukiingia huko unapata nyingine.

Jumatano niipitishe haraka, ilikuwa siku ya barabara. Tulipeana usukani kila saa mbili, mtu asichoke wala asijione shujaa. Albuquerque tulifika maputo yameshatua, maana yanarushwa alfajiri upepo ukiwa umetulia. Flagstaff iko mita 2,100 juu ya bahari na usiku wake ulitukuta na sweta nyepesi za Dallas. Shoga, Oktoba beba koti. Usiniulize mara mbili.

Grand Canyon ilikuwa kituo changu cha pili. Mwaka ule kiingilio kilikuwa dola 35 kwa gari zima, na kinafaa siku saba. Nilitegemea kuona bonde. Bonde ninalijua, nimeona la Ufa. Lakini unatembea kwenye misonobari, huoni kitu, halafu ghafla ardhi imeisha. Zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda chini, urefu wake kilomita 446, na huko chini kabisa Mto Colorado unaoonekana kama uzi. Mimi nilipiga picha dakika kumi nikamaliza. Ngosha alikaa kwenye jiwe. Nusu saa. Saa nzima. Nikamwuliza twende, akasema "bado". Yule mtu wa bahasha yenye mistari miwili! Nikakaa naye. Tukaongea mambo ya zamu zetu, kwamba haiwezekani kuishi hivi mpaka tuzeeke, kwamba mmoja lazima abadilishe hata kama hela itapungua. Nani abadilishe, hapo tulibishana mpaka baridi ikatufukuza. Lakini tulibishana kwa midomo, si kwa vikaratasi.

Ijumaa tulijaza mafuta Kingman, bado Arizona, kwa sababu California bei inapanda, na kuanzia Needles mpaka Barstow ni jangwa lenye sheli za kuhesabu. Los Angeles yenyewe ilitupokea na foleni ya saa mbili. Jioni masufuria yakashushwa, moja limebonyea pembeni tangu ile purukushani ya kabla ya Childress. Wifi akauliza limefanywa nini. Ngosha akajibu, "Lilikuwa limelala."

Januari alihamia zamu ya mchana. Mshahara umepungua kidogo, friji imebaki na sumaku tu. Na mpaka leo, hata tukisimama sheli ya mtaani kwetu, akishuka kulipa anachomoa funguo anaondoka nazo, ananiacha kwenye joto bila kiyoyozi. Sisemi kitu.

Haya shoga, nitumie tarehe zenu tuanze kuhesabu saa. Kama ni Oktoba mwanzoni, weka chumba cha Albuquerque leo hii. Na kabla hujachukua penseli za rangi, muulize shemeji amewahi kuachwa na basi wapi.